Daftari la bahasha lisimhukumu marehemu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huzuka misibani mara kwa mara, likaleta mabishano ya siku mbili tatu chini ya turubai, kisha likafukiwa pamoja na marehemu bila kupatiwa jibu. Jambo lenyewe ni hili la kanisa kukataa kumzika mtu wake kwa sababu hakuwa akitoa bahasha ya sadaka, hakuwa akionekana kwenye jumuiya ya waumini majirani zake, au alikuwa akiishi na mwenzake pasipo ndoa ya kanisani. Mimi ni Mlutheri wa Moshi niliyeoa katika familia ya Kikatoliki, kwa hiyo misiba ya pande zote mbili naihudhuria, na naweza kusema bila kumwonea mtu kwamba desturi hii haina dhehebu moja. Tofauti ni ya majina tu, wengine wakidai ahadi na wengine wakidai zaka.

Wanaoitetea desturi hii husema kanisa lina haki ya kuwa na nidhamu, na hapo nakubaliana nao. Wanaoipinga hukimbilia Mathayo 7, "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi", wakadhani wamemaliza maneno. Naona pande zote mbili hazijalisoma Neno mpaka mwisho. Maandiko yanaruhusu, tena yanaagiza, Mkristo amwonye mwenzake, lakini onyo hilo ni la mtu aliye hai na shabaha yake ni kumrudisha. Mtu akishakata roho, shauri lake limekwenda kwa Mwenyewe, na sisi kuendelea kumhukumu mbele ya jeneza ni kuwaadhibu mjane na watoto huku tukilitaja jina la Mungu.

Wasomaji ambao hawajawahi kuwa katika uongozi wa jumuiya huenda hawajui mambo haya huamuliwa vipi. Mtu akifariki, ndugu hupeleka taarifa kwa mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti humwita katibu, na katibu huja na daftari. Ni daftari la kawaida la jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula: majina upande wa kushoto, kisha namba za bahasha, kisha miezi kumi na miwili, na kila mwezi una tiki au una nafasi tupu. Jioni moja nilikuwa katika sebule ambamo daftari la namna hiyo lilifunguliwa juu ya stuli. Kidole cha katibu kilishuka taratibu mpaka kwenye jina la marehemu, kikaenda kulia, kikapita nafasi tupu moja baada ya nyingine, huku mdogo wake marehemu amesimama mlangoni na kibali cha mazishi mkononi, akingoja. Hakuna aliyeuliza mtu yule alikuwa ameugua kwa muda gani, ingawa wote waliokuwepo walijua. Mmoja alitoa simu akajumlisha ahadi ya mwaka, malimbikizo ya mwaka uliotangulia na mchango wa ujenzi, akataja jumla. Ndugu wakachangishana, kiasi kingine kikachotwa kwenye rambirambi, fedha zikatumwa kwa simu, na ibada ya maziko ikapangiwa siku na saa. Kosa lililoonekana kubwa kiasi cha kumzuia marehemu asiombewe lilikuwa limefutwa kwa muamala mmoja, na risiti ikaja kwa ujumbe mfupi.

Namna lilivyofutwa ndiyo inayonifanya niandike. Kama kilichomzuia marehemu kilikuwa ni dhambi, basi fedha za shemeji yake hazikuweza kuiondoa, maana Petro alikwisha kumjibu Simoni mchawi wa Samaria kwamba fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye kwa kudhani kuwa karama ya Mungu hupatikana kwa mali (Matendo 8:20). Na kama fedha ziliiondoa kweli, basi haikuwa dhambi, lilikuwa deni, na deni la kuahidi sadaka si sababu ya kumnyima Mkristo sala. Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Kila Oktoba 31 tunaadhimisha hoja 95 ambazo Martin Luther alizitoa mwaka 1517 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha, na tunapenda kuwasimulia vijana wa kipaimara jinsi Johann Tetzel alivyopita katika miji ya Ujerumani akiwauzia watu vyeti hivyo hata kwa ajili ya ndugu zao waliokwisha kufa, sehemu ya mapato ikienda Roma kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Ndugu anayelipia marehemu ili mambo yake yanyooke, na fedha kuingia kwenye ujenzi: anayetaka kuona tofauti na aniandikie.

Nidhamu yenyewe imeelezwa vizuri na Bwana Yesu katika Mathayo 18:15 hadi 17, na haina utata wowote. Ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Asipolisikia na kanisa, ndipo awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Sasa tuulizane kwa uaminifu: katika shauri la ndugu ambaye amekaa miaka mitatu bila kufika ibadani, ni nani aliyemwendea peke yake, jioni, bila daftari, akaketi akamuuliza kulikoni? Mara nyingi hatua ya kwanza haifanyiki kabisa na ya pili inafanyika nusunusu, kwa wajumbe kupita wakikusanya mchango na kuulizia mahudhurio kwa mkupuo mmoja. Hatua ya mwisho ndiyo tunayoipenda kwa sababu haihitaji kumtazama mtu machoni. Ni kusimama mimbarini au kwenye kikao na kutaja jina. Tena mtu anayeruka hatua tatu za mwanzo akakimbilia ya nne amemhukumu ndugu yake kinyume cha utaratibu wa Bwana mwenyewe, hata kama kosa la ndugu huyo ni la kweli.

Na huyo mtoza ushuru tunayemtaja kwa ukali, tukumbuke alitendewaje. Injili hii inaitwa kwa jina la Mathayo, ambaye alitolewa forodhani, na jambo linalosimuliwa mara baada ya kuitwa kwake ni chakula, Yesu akiwa mezani na watoza ushuru wengi huku Mafarisayo wakinung'unika nje. Hata aliyefikia hatua ya mwisho ya nidhamu hakufungiwa mlango wa nyumba.

Ndugu mmoja niliyejadiliana naye alinitupia shauri la Korintho, na alikuwa na haki, kwa sababu huko Paulo hakumung'unya maneno. Katika waraka wa kwanza, sura ya 5, kuna mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake, na kanisa lilikuwa likijivuna badala ya kuhuzunika. Paulo akaagiza mtu huyo aondolewe kati yao. Wanaopenda kutenga watu wana mstari huo kichwani. Lakini barua haikuishia hapo. Katika waraka wa pili, sura ya 2, Paulo anawaandikia watu walewale juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, akisema adhabu ile inamtosha, na sasa wamsamehe na kumfariji "asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi". Wafasiri wanabishana kama ndiye yule wa waraka wa kwanza au ni mwingine, na mimi si mwanateolojia wa kuwaamua. Lililo wazi ni kwamba adhabu katika kanisa la Mitume ilikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuwa mtu kurudi akiwa hai. Ukiitumia adhabu hiyohiyo kwa maiti umeitoa kwenye kusudi lake, maana maiti haitubu, hairudi, wala haifarijiwi. Anayebaki kumezwa na huzuni ipitayo kiasi ni mama mzazi.

Kwa ndugu zangu Wakatoliki nitaongeza neno moja, kwa kuwa wao wana sheria iliyoandikwa na haihitaji kubuniwa upya na kila jumuiya. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unaanza, katika kanuni ya 1176, kwa kusema waamini waliofariki wanapaswa kupewa maziko ya Kanisa. Kanuni ya 1184 ndiyo inayotaja wanaonyimwa, nao ni wachache: wanaojulikana hadharani kuwa wameiasi imani, wazushi na wafarakanishi, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kanisani kungewakwaza waamini. Hata hao hawanyimwi iwapo kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba, na pakiwa na shaka, askofu wa mahali ndiye anayeulizwa. Mwenyekiti wa jumuiya hatajwi, wala mhazini. Kanuni ya 1181, inayohusu matoleo ya wakati wa maziko, inaonya waziwazi kwamba pasiwe na upendeleo wa watu na kwamba maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Tukumbuke pia kwamba mkusanyo wa zamani, wa mwaka 1917, ulimnyima maziko mtu aliyejiua kwa makusudi, na ule wa 1983 ukaliondoa katazo hilo. Kwa hiyo Kanisa lenye sheria nzito kuliko yote limekuwa likilegeza mkono mbele ya kaburi, wakati jumuiya zetu, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 ili waamini wajuane na kusaidiana nyumba kwa nyumba, mahali pengine zimegeuka kuwa za kukagua kadi.

Baada ya kusema hayo, niseme na upande wa pili, kwa sababu hauna usafi unaojidai. Siku hizi "msihukumu" limekuwa neno la kujikinga. Kiongozi aliyekula fedha za mradi wa maji hulisema anapoulizwa. Mtumishi anayeuza mafuta ya upako na chupa za maji kwa wagonjwa hulisema. Mume aliyeitelekeza familia yake, ukimgusa tu, anakuambia wewe si Mungu. Hao wote hawakuisoma sura ya 7 mpaka chini. Katika sura hiyohiyo, mstari wa 6, Bwana anakataza kutupa lulu mbele ya nguruwe, na mstari wa 15 anaonya juu ya manabii wa uongo, kisha anasema mtawatambua kwa matunda yao. Sasa mtu asiyeruhusiwa kupima chochote atalitambua tunda kwa njia gani? Hata kibanzi, Bwana hakusema kiachwe. Alisema toa kwanza boriti katika jicho lako, ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi kinaumiza na kinapaswa kutoka. Na katika Yohana 7:24 anaagiza watu wasihukumu hukumu ya macho tu, bali wafanye hukumu iliyo ya haki. Mkristo mwaminifu hawezi kukaa kimya mtoto akidhulumiwa kwa kisingizio kwamba yeye hahukumu.

Tatizo letu sisi watu wa kanisa ni hiyo hukumu ya macho. Tunahukumu kinachoonekana na kinachohesabika. Mimba inaonekana. Bahasha inahesabika. Kukosa cheti cha ndoa kunajulikana. Lakini riba ya kukausha damu anayokula mzee wa kanisa kwa wajane wa sokoni haina safu katika daftari, wala kumpiga mke, wala mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, wala fitina inayosambazwa baada ya kipindi cha maombi kwa jina la "kuombeana". Nimeishi muda wa kutosha kuona watu wakitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya mimba. Mtu aliyetengwa kwa sababu ya fitina sijapata kumwona, ingawa Paulo ameiweka fitina na uasherati katika orodha moja ya matendo ya mwili (Wagalatia 5:19 na 20).

Hebu tuliangalie suala la mimba kwa karibu, maana hapo ndipo hukumu yetu inapojianika. Binti amepata mimba nje ya ndoa. Anazuiliwa Chakula cha Bwana, anakaa viti vya nyuma kwa muda, kisha siku ya kurudishwa kundini anaitwa mbele ya usharika mzima, anaulizwa maswali, anajibu kwa sauti ambayo watu wa viti vya katikati hawaisikii, na mtoto wake analia mikononi mwa bibi. Yote hayo yanafanyika huku kijana aliyempa mimba ameketi upande wa kwaya, safu ya sauti ya tatu, amevaa sare, na baada ya tangazo hilo atasimama kuimba. Kila mtu anamjua. Yule mwanamke wa Yohana 8 aliletwa peke yake vilevile, ingawa waliomleta walisema amefumaniwa katika tendo lenyewe, na Torati waliyodai kuitetea, katika Walawi 20:10, inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Yesu hakusema alilolifanya si dhambi. Alimwambia asitende dhambi tena. Lakini kabla ya hapo aliwauliza waliokuwa na mawe, wakaondoka mmoja mmoja wakianzia wazee. Sisi tunaanza na onyo la mwisho na kuliruka swali la kwanza.

Inashangaza kidogo, na hili nalisema kando, kwamba Serikali imetutangulia. Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za umma, baada ya miaka ya kuwafungia mlango. Binti anaweza leo kurudi darasani akafanya mtihani wake, na Jumapili akakuta bado ana kiti chake cha nyuma kanisani. Pia Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza katika Kanisa Dogo la Sistina, huko Vatikani, mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wamefunga ndoa ya serikali tu, na hakuna aliyesema Kanisa Katoliki limefuta sakramenti ya ndoa. Kwetu bado wapo viongozi wanaomwambia mama asiyeolewa kwamba mtoto wake asubiri ubatizo mpaka mama anyooshe mambo yake, kana kwamba kichanga ndicho kilichokosa.

Kuhusu wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani, wengi wao hawaidharau ndoa hata kidogo. Wameiogopa harusi. Fundi ujenzi aliyezaa na mwenzake watoto watatu anajua kwamba akitamka neno ndoa, itaundwa kamati, zitachapishwa kadi za michango, patatafutwa ukumbi, sare na mshereheshaji, na ukweni wataulizia mahari iliyobaki. Basi anaahirisha mwaka hadi mwaka mpaka mauti yanamkuta. Wakati wote huo ilikuwa inawezekana ndoa yao ibarikiwe asubuhi ya ibada ya kawaida, mashahidi wawili wakiwepo, wakarudi nyumbani kula ugali kama siku nyingine. Mchungaji anayewaambia wazi kwamba jambo hilo linawezekana, na anayewakatalia watu wazima mbwembwe, amezuia dhambi kuliko yule anayesoma majina ya waliozuiliwa. Ni afadhali kuwaandama watu hao kwa upole wakiwa hai kuliko kumwambia mwanamke aliyemuuguza mtu huyo hadi dakika ya mwisho kwamba katika ratiba ya mazishi hatatajwa kuwa mke.

Na hapa sina budi kutaja upendeleo, kwa sababu ndio unaowakera waumini wengi kuliko hata hukumu yenyewe. Mtu mwenye uwezo ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka ya miaka mingi iliyopita akifariki, daftari halifunguliwi. Wachungaji wanafika watatu, kwaya zinafika mbili, na katika mahubiri inakumbukwa kwamba marehemu alichangia mabati. Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa aketi mahali pazuri huku maskini akiambiwa asimame kule (Yakobo 2:2 na 3). Sidhani aliwaza kwamba upendeleo huo ungemfuata tajiri hadi kaburini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kama sheria ni ya bahasha, basi na yule wa mabati akaguliwe miezi yake kumi na miwili, na kama yeye anasamehewa kwa heshima ya msiba, msiba wa fundi una heshima ileile.

Nimeulizwa mara nyingi: tukiwazika wote, nani atatoa bahasha? Swali hili si la kupuuza. Kanisa letu linaendeshwa na sadaka; mwinjilisti wa mtaa anakula kutokana na hizo bahasha, umeme wa kanisa unalipwa nazo, na mtu mzima mwenye kipato ambaye anangoja kanisa limzike bila kuwahi kulichangia hata saruji anawategea wenzake. Lakini anayetoa kwa sababu anaogopa kukosa mchungaji siku ya kufa hajatoa sadaka, ameweka akiba ya mazishi, na kwa akiba ya mazishi vipo vikundi vya kufa na kuzikana vinavyofanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa katiba iliyo wazi. Paulo alisema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Uzoefu wangu mdogo wa uongozi umenionyesha kwamba nyumba zinazotembelewa wakati wa ugonjwa ndizo zinazorudi kutoa bila kukumbushwa.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili kwa njia yao. Uamsho ule, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, uliwafanya watu wasimame mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao wenyewe. Mtu alirudisha alichoiba kwa mwajiri, akamwendea jirani waliyekosana, ndipo akaimba "Tukutendereza", wimbo wao wa sifa wa Kiganda. Nguvu yake ilikuwa hapo, kwamba kidole kilielekezwa kifuani kwa mwenye kukinyoosha. Sitaki kuwafanya malaika, kwa sababu nao baadaye walianza kupimana: katika miaka ya 1970 kundi la Wazukufu lililotokea Uganda lilisisitiza, pamoja na mambo mengine, kwamba mtu aliyeokoka hapaswi kuwa na deni, na ndugu waliokuwa wakikumbatiana wakaacha kusalimiana. Hata hivyo ule mwanzo wao bado ni kipimo kizuri cha uaminifu. Na sisi tuliokariri Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tulifundishwa katika amri ya nane kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani. Tumtetee, tumseme vema, na kila jambo lake tulieleze kwa upande ulio mwema. Mtu akitazama nafasi tupu katika daftari akaanza kwa kudhani mwenzake alikuwa mgonjwa, au alikuwa na aibu ya kutokuwa na kitu, hajavunja nidhamu yoyote; amefuata katekisimo.

Ombi langu kwa halmashauri za sharika na parokia, ambazo hupitia taratibu zao kila baada ya muda, ni kwamba ziandike wazi kuwa masuala yote ya ahadi, michango na mahudhurio yanafungwa siku mtu anapofariki, na kwamba uamuzi wa kutomzika mtu, pale anapokuwa ameikana imani kwa kinywa chake mwenyewe, uwe wa mchungaji au askofu na usipitie kwa mhazini. Pale ambapo binti anaonywa, na kijana aonywe, siku moja, mahali pamoja, na ikiwezekana ofisini badala ya mbele ya watu wote. Na kila jumuiya iwe na watu wawili ambao kazi yao ni kuwaendea waliopotea machoni, wasiobeba bahasha wala kitabu cha risiti. Katika mtaa wetu jambo hili la mwisho limeanza kufanyika. Mama mmoja aliyekuwa hajaja kwa muda mrefu alipofikiwa, ilibainika kwamba alikuwa amepata kidonda mguuni na hawezi kupanda kilima cha kanisani. Mchungaji sasa humpelekea Chakula cha Bwana nyumbani, na jina lake katika daftari bado halina tiki hata moja.

Wako katika utumishi,
Mzee wa Kanisa,
Moshi.